Mzee Usiguse na Ng'ombe wa Mti

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa zuri tu, ila halikupata kazi. Mtaani, kazini, hata kwa kinyozi wake, aliitwa Mzee Usiguse, na ukimwuliza mtu jina lake la kweli atakuna kichwa na kukuambia ngoja nimwulize mkewe. Alikuwa mlinzi wa ukumbi katika jumba la sanaa. Si mlinzi wa getini, yule wa kupekua mifuko na kusalimiana na madereva, la. Yeye ni wa ndani, wa kusimama baina ya picha na sanamu mikono ikiwa nyuma, na kazi yake yote, ukiichuja makapi yakatoka, lilikuwa neno moja: usiguse.

Na alilijua kulisema, jamani. Alikuwa na la watoto, fupi, linalokata kama mkasi. Alikuwa na la wakubwa, lililotanguliwa na "tafadhali" ambayo haikumdanganya mtu. Alikuwa na jingine la macho peke yake, halina hata sauti. Siku moja alipiga chafya tu, na mgeni mmoja akarudisha mkono mfukoni haraka na kuomba radhi.

Ubaya wa kazi ni kwamba hukufuata mpaka nyumbani. Pale kwake sebuleni palikuwa na kabati la vioo, na ndani yake vikombe vyenye maua ya buluu ambavyo havijawahi kuonja chai. Palikuwa na redio iliyofunikwa kitambaa, na ole wake atakayekisogeza. Mkewe, msusi ambaye ulimi wake na vidole vyake havijulikani kipi chepesi zaidi, alizoea kumwambia, "Mzee wangu, nyumba hii ungeizungushia kamba nyekundu tu, tukaanza kutoza kiingilio." Mzee alinung'unika, akasogeza kitambaa cha redio mahali pake, maisha yakaendelea.

Basi likizo ndefu ya shule ikakaribia, na jumba la sanaa likaanza pilikapilika zake za msimu. Mwenye pilikapilika hizo alikuwa binti mmoja mchangamfu, mratibu wa shughuli za familia, ambaye humkuti hata chooni bila karatasi ya ratiba mkononi, na wenzake wakambatiza Dada Ratiba. Likizo iliyopita alileta vikaragosi, kuta zikajaa kelele. Ile ya kabla yake aliwaweka wazazi na watoto uso kwa uso wachorane, na baba mmoja akatoka amenuna kwa sababu mwanawe alimchora tumbo kwanza. Safari hii alikuja na kubwa kuliko yote: Msimu wa Mikono. Jumamosi zote za likizo familia zije, kutakuwa na meza ya udongo, meza ya kuchapa nakshi kwa viazi vilivyochongwa, na Ukumbi wa Kugusa, ambamo kila kilichowekwa kimewekwa ili kishikwe.

"Kila kitu?" Mzee Usiguse aliuliza kikaoni.

"Kila kitu, Mzee. Hata ng'ombe."

Ikabidi atafute kiti. Huyo ng'ombe alikuwa sanamu ya mti mmoja mzima, ukubwa wa ng'ombe kweli, amelala na miguu amekunja, shingo ameigeuza upande kama anayesikiliza mazungumzo ya watu. Ndiye aliyekuwa kitovu cha ukumbi, na Mzee Usiguse alikuwa amemlinda tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Asubuhi alimsalimia, jioni alimuaga. Alijua watoto wangapi wametamani masikio yale na watu wazima wangapi wametamani kukalia mgongo ule. Yeye mwenyewe hakuwahi kumgusa. Aliyemfuta vumbi alikuwa mtunza sanamu, tena kwa glavu na brashi, na Mzee alisimama pembeni akihakikisha.

Dada Ratiba akaeleza. Mchongaji wa ng'ombe, bibi kizee sasa, alikuwa amepiga simu kusema kwamba yeye hakumchonga mnyama wa kutazamwa kwa mbali, alimchonga apapaswe, na hiyo kamba waliyomzungushia imemkera miaka yote. Iondolewe angali hai aone.

"Na wewe, Mzee wangu, ndiye utakayesimama naye," Dada Ratiba akasema. "Nani anayemjua kukuzidi? Maneno yako yenyewe ni mawili tu. Karibu, gusa."

Maneno mawili, lakini kwake yalikuwa mlima. Jioni hiyo alijifungia chumbani mbele ya kioo akajaribu. "Karibu, gusa." Akapunguza kukunja uso, akajaribu tena. "Karibu. Gusa."

"Unawakaribisha au unawakamata?" mkewe aliuliza kutoka upande wa pili wa mlango.

"Nafanya mazoezi."

"Naona. Na mimi nimejikuta nimenyanyua mikono juu."

Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee naye angecheka, kama si lile jambo lililokuwa likimsumbua. Mjukuu wake alikuwa anakuja.

Mjukuu alikuwa mmoja tu, mtoto wa binti yao wa pekee, kasichana ka miaka sita kenye doa jeusi shavuni, wakakaita Kidoti. Likizo iliyopita Kidoti aliletwa kwa babu na bibi akae mpaka shule zifunguliwe. Siku ya kwanza tu alifungua kabati la vioo, akachukua kikombe cha maua ya buluu akitaka kumpikia babu yake chai ya kuigiza. Babu akatokea mlangoni, na kabla hajafikiri, likamtoka lile la jumba la sanaa, la mkasi. Mtoto aliruka, akalia, akalia tena usiku, wiki haikuisha mama yake akaja kumchukua. Kikombe hakikuvunjika. Mzee alikirudisha kabatini, na kila alipopita hapo kilimtazama vibaya.

Alimpenda yule mtoto mapenzi ya kuumiza kifua. Shida yake ni moja, hakujua mapenzi hayo yanatokea mlango gani.

Sasa Jumapili binti yake akamleta tena. Mama Kidoti alisimama katikati ya sebule, hakukaa, mikono nyuma kama kawaida yake, akasema aliyokuja kusema.

"Baba, nimemleta kwa sababu Mama ameniomba sana. Jumamosi nitapita kule kule kazini kwako, kwenye hayo mambo yenu ya watoto. Nikimkuta amechangamka, anabaki kwenu likizo yote, na zijazo pia. Nikimkuta kama safari ile, nampeleka kwa bibi yake mzaa baba. Kule kuna kuku, kuna matope, na hakuna anayemwambia kitu. Na nisilaumiwe."

"Hulaumiwi, mwanangu," Mzee alisema. Akasogeza kitambaa cha redio.

Wiki ilianza kwa utulivu mkubwa. Kidoti alisema shikamoo asubuhi, akakaa kwenye ncha ya kiti, akala alichopewa. Alipotembea ndani ya nyumba alitembea polepole, mikono ameifunga nyuma, na alipofika mbele ya kabati la vioo alisimama mbali kidogo, akainamisha kichwa upande, akatazama vikombe, akaenda zake. Mzee Usiguse alimwangalia akaona raha. Hata wageni wa jumba la sanaa, watu waliosoma, hawakuwahi kusimama vizuri namna ile.

"Umemwona?" alimnong'oneza mkewe. "Mtoto ameshika adabu. Samaki mkunje angali mbichi."

Mkewe alikuwa anamsuka mteja, na mkono haukusita. "Babu Kidoti, huyo samaki hajakunjwa, amevunjwa. Jana nimempa chungwa. Unajua ameniambia nini? Ameniuliza, Bibi, naruhusiwa kulishika? Chungwa. Mtoto anaomba kibali cha kushika chungwa nyumbani kwa bibi yake."

Mteja aliyekuwa anasukwa akainamisha macho. Mzee akatoka uani, akasimama karibu na kamba ya nguo muda mrefu bila kazi yoyote. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona huzuni, maana picha ilimjia ya mtoto yule na chungwa lake.

Akaamua kurekebisha mambo, na alivyo yeye, akayarekebisha kwa nguvu. Jumatano akaondoa kitambaa cha redio kwa mkono wake mwenyewe. "Kidoti, njoo uchezee redio." Kidoti akaitazama redio, akamtazama babu, akatazama mlango, akapima kama kuna mtego. "Hapana, Babu, ahsante." Alhamisi akaacha kabati wazi makusudi, na Kidoti alipopita akalifunga kwa kiwiko, kwa uangalifu, asiache alama ya kidole. Ijumaa akamwambia mkewe kwamba kesho ndiyo kesho. Mkewe akamjibu kwamba mkamia maji hayanywi, na akiyanywa humpalia.

Jumamosi ikafika, jumba likafurika. Kwenye mlango wa Ukumbi wa Kugusa kulikuwa na mabeseni ya maji na sabuni, taulo, na sinia dogo la kuwekea pete, bangili na saa, kwa sababu chuma hukwaruza. Ndiyo masharti yenyewe: nawa, kausha, vua, ingia. Ndani kulikuwa na mawe yaliyochongwa laini kama mayai, vitambaa vya kufumwa vyenye mafundo, vinyago ambavyo waliopenda walivishika wamefungwa macho wakisie ni vya nini. Na katikati, bila kamba, ng'ombe. Mzee Usiguse alisimama pembeni yake ndani ya sare iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Bila ile kamba, alijiona kama yeye ndiye aliyevuliwa.

Wa kwanza kuingia walikuwa mama mmoja na wanawe watatu, maji bado yakiwang'aa vidoleni. Dada Ratiba alikuwa karibu, anatabasamu. Mkubwa wa wale watoto akanyoosha mkono kwa ng'ombe.

"Usiguse!"

Ukumbi mzima uliganda. Mtu aliyekuwa ameshika jiwe alilirudisha. Karatasi ya ratiba ilimponyoka Dada Ratiba, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Mzee mwenyewe alishika mdomo wake kama aliyetokwa na jino.

"Samahani," akasema. "Nilimaanisha, karibu. Gusa."

Mtoto akanyoosha tena, polepole. Na ulimi, ambao hauna mfupa wala aibu, ukaanza tena, "Usi..." Mzee akaumeza mwisho wake.

Ndipo mdogo wa wale watatu, katoto kenye pengo la meno na macho ya ujanja, akaelewa mambo kwa njia yake. Alisogeza kidole kimoja mpaka karibu na pua ya ng'ombe, akamtazama Mzee, akangoja. Mzee alijikaza kisabuni, mishipa ikamtoka shingoni, na bado likapenya: "Usiguse." Mtoto akagusa pua, akakimbia anacheka mpaka akagonga ukuta. Akarudi kwenye foleni. Nyuma yake foleni ikaanza kukua.

Nakwambia, mpaka kufika mchana habari zilikuwa zimeenea jumba zima kwamba kuna mzee kwenye ukumbi wa ng'ombe, ukisogeza mkono anakataza, ukigusa anashika kichwa. Watoto waliacha udongo na viazi wakaja kukatazwa. Baba mmoja alimfuata Dada Ratiba kumpongeza kwa mwigizaji wake, na akauliza wamemtoa wapi. Dada Ratiba, ambaye si mjinga, akasema ni hazina yao ya siku nyingi. Mzee Usiguse alikuwa amelowa jasho. Alitaka kukasirika na hakupata nafasi, maana kila alipojiandaa kukasirika mkono mwingine mdogo ulikuwa njiani.

Mmoja tu hakucheka. Kidoti alikuwa amefika na bibi yake tangu mapema. Alipitishwa kwenye meza ya udongo, akautazama udongo. Akapitishwa kwenye viazi, akavitazama viazi. Sasa alikuwa amesimama ukutani mwa Ukumbi wa Kugusa, mikono nyuma, anawatazama wenzake wanavyokatazwa na kuvunja amri, na kila babu yake aliposema lile neno, mabega yake yalipanda kidogo. Mzee aliyaona mabega hayo. Saa ya ukutani nayo aliiona, na binti yake alikuwa hachelewi popote.

Watu walipopungua kidogo alimfuata.

"Kidoti, nenda kamguse ng'ombe."

"Hapana, Babu."

"Wenzako wote wamemgusa."

"Hapana, Babu, ahsante."

"Nimesema gusa."

Lilitoka lile lile la mkasi. Neno jingine, sauti ile ile. Mikono ya mtoto ikaenda nyuma zaidi, kama inataka kupotelea huko. Mkewe, aliyekuwa amekaa kwenye benchi, alimtazama mumewe bila kusema kitu, na mwanamke yule kunyamaza ni jambo zito. Mzee akaona kwisha habari yake. Kuku na matope vimeshinda.

Akachuchumaa mbele ya mjukuu wake, magoti yakalia. Hakuwa na mpango tena. Wakatazamana, mzee na mtoto, Kidoti akanong'ona.

"Babu, wewe mbona hugusi?"

"Mimi?"

"Umewaambia wote waguse. Wewe hujagusa."

Hapo ndipo Mzee alipogundua kwamba hata pale chini, amechuchumaa, karibu kuanguka, mikono yake ilikuwa nyuma.

"Sijawahi kumgusa," akasema.

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Hata kidole?"

"Hata kidole. Wageni wakiondoka nazima taa, namuaga, naenda zangu."

Kidoti alilifikiria jambo hilo. "Unaogopa?"

Kuna majibu mengi ambayo babu humpa mjukuu kwa swali la namna hiyo, na Mzee aliyajua yote. "Ndiyo," akasema. "Naogopa. Nilikatazwa siku ya kwanza kazini, nikakataza watu, nikazoea. Sasa sijui hata inaanzwaje."

Mtoto alimwangalia kwa huruma ya kweli, jinsi mtu mzima anavyomwangalia aliyepotea stendi. Kisha akatazama mabeseni, akatazama ng'ombe, akashusha pumzi.

"Kwanza unanawa," akasema.

Alikuwa ameyatazama masharti siku nzima, alikuwa nayo kichwani yote. Wakaenda kwenye beseni. Mzee akanawa, akageuka kwenda kwa ng'ombe, Kidoti akamzuia njia. "Pete, Babu. Chuma kinakwaruza."

Pete ilikuwa ya ndoa, na tangu avishwe haikuwahi kutoka. Mzee akavuta, kidole kikawa chekundu, pete haina habari. Akavuta tena. Kidoti alisimama anangoja, akapoteza subira, akachukua sabuni kwenye kisahani, akaikoroga kiganjani mpaka povu likapanda, akakishika kile kidole cha babu yake kwa mikono miwili na kuanza kukisugua. "Legeza, Babu. Umekikaza." Povu likamfika viwikoni, likamrukia kwenye doa la shavu. Hakuwa na habari kwamba mikono yake ilikuwa mbele. Mzee aliona, na hakuthubutu hata kupumua kwa nguvu.

"Mke mwenzangu, nipishe," bibi yake akasema, amekuja mbio anacheka na macho yamelowa. "Pete hii nilimvisha mimi." Akashika, wakavuta wote wawili, mke mkubwa na mke mdogo, na pete ikachomoka ikadondoka ndani ya beseni. Watu wakapiga makofi. Mzee alitazama alama nyeupe kidoleni akajiona uchi kidogo.

Kidoti akamkausha kwa taulo, kidole kimoja kimoja, akamshika kile chenye alama nyeupe akamwongoza. Mbele ya ng'ombe mzee akasimama. Ulimi ukamwasha, akaung'ata. Mtoto akanyanyua kiganja cha babu yake akakibandika mgongoni mwa mnyama.

Alidhani patakuwa baridi, na hapakuwa baridi. Alidhani patakuwa laini, na kumbe pale alipopaona laini miaka yote palikuwa na matuta madogo ya patasi, safu kwa safu, yameelekea mkiani jinsi manyoya yanavyolala. Akapeleka mkono na safu, ukateleza. Akaurudisha kinyume, ukakwama. Machozi yakamtoka, na hakuyaficha.

"Ana manyoya," akasema.

"Na mbavu," Kidoti akasema. Alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, mikono yote miwili tumboni mwa ng'ombe. "Babu, ana mbavu. Halafu huku chini ya shingo kuna kitu."

"Hakuna kitu hapo. Namjua huyo."

"Kipo. Kina masikio."

Mzee alipiga magoti, akapenyeza mkono chini ya ile shingo iliyogeuzwa, mahali penye kivuli ambapo jicho la mtu haliwezi kufika. Akakuta paji dogo la uso. Akakuta masikio mawili, mafupi, na pua iliyoegemezwa kifuani mwa mama. Ndama. Miaka yote ile alikuwa amelinda wawili akidhani analinda mmoja, na mchongaji alimficha ndama pale akingoja mkono wa mtu.

"Ana mtoto," Kidoti akasema, na akacheka, kicheko cha tumboni ambacho nyumba ya babu yake ilikuwa haijakisikia. "Mama. Mama, njoo. Ng'ombe ana mtoto."

Mzee akageuka. Binti yake alikuwa amesimama ukumbini, na haikujulikana amefika saa ngapi. Alikuwa anamtazama mwanawe aliyelala sakafuni na povu shavuni, na alikuwa anatabasamu. Lakini hakusogea. Alisimama mahali pale pale kamba ilipokuwa ikipita, vidole vya miguu vikiishia kwenye alama ya kamba sakafuni, na mikono yake ilikuwa nyuma.

Mzee aliitazama ile mikono. Sebuleni kwake binti alisimama hivyo, hata siku ya harusi yake alisimama hivyo, na yeye alidhani ndivyo alivyoumbwa. Sasa akamkumbuka mdogo, kila likizo ya shule, wakati mama yake yuko saluni na nyumbani hakuna wa kubaki naye, akiletwa hapa na kukalishwa kwenye kiti cha mlinzi asubuhi mpaka jioni. Hakuwa msumbufu. Alishuka kitini, akasimama kwenye kamba, akamtazama ng'ombe, akarudi kukaa.

Akainuka, akamwendea.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Gusa."

Yalitoka yenyewe, bila kioo wala mazoezi. Dada Ratiba aliyasikia kutoka mlangoni.

"Una hakika, Baba?" Mama Kidoti aliuliza, mwanamke mwenye nyumba yake, mume na mtoto, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nina hakika."

Alinawa. Alivua bangili, akavua saa, akaviweka kwenye sinia kimoja kimoja. Kisha akavuka ile alama sakafuni, akapita mgongo, akapita shingo, akaenda moja kwa moja kwenye sikio la ng'ombe, akalishika kwa vidole viwili.

"Nilikuwa nakaa pale kwenye kiti chako," akasema, "nikijiambia nikikua nitamshika sikio. Hili la huku."

"Ulikuwa hujawahi kuniambia."

"Ungeniambia nini, Baba?"

Mzee akalijua jibu, na mkewe kule kwenye benchi naye alilijua, akapenga kamasi kwa kishindo. Kidoti akaushika mkono wa pili wa mama yake akaupeleka chini ya shingo, kwa ndama, akimweleza hapa masikio, hapa pua, polepole usimwamshe.

"Huyu anabaki," Mama Kidoti akasema bila kugeuka. "Likizo yote. Na mimi Jumamosi nitakuwa nakuja."

Nje kengele ya kufunga ililia. Familia zikaanza kukusanya watoto wao, udongo wao na viazi vyao. Mzee Usiguse hakuwahi katika maisha yake ya kazi kuchelewesha kufunga ukumbi hata kwa mgeni wa heshima, na Dada Ratiba alikuwa amekwisha weka mkono kwenye swichi ya taa.

"Subiri kidogo," Mzee akamwambia. "Mwanangu hajamaliza kugusa."